Uji Mbele ya Majaji Watatu

Wanangu mnaosomea sheria katika mji huu wa ughaibuni, kila mnaponikuta kwenye harusi au futari mnaniuliza swali lile lile: "Auntie Zarina, how did you get to the Court of Appeal?" Mnaliuliza mkiwa na sambusa mdomoni, na mnataka jibu fupi kabla muziki haujaanza. Jibu fupi sina. Nimestaafu, wakati ninao, kwa hiyo nitawapa refu, na nitawapa kwa Kiswahili, maana najua mnakisikia vizuri sana hata mkijifanya hamkijui. Atakayetaka kunikatiza anikatize kwa lugha anayoitaka.

Kwanza futeni wazo kwamba kulikuwa na njia iliyonyooka. Wenzangu wengi niliokaa nao kwenye rufaa walitoka kampuni kubwa za mawakili za katikati ya mji, ofisi zenye mazulia, ambako mteja akiingia anaulizwa kahawa yake anaitaka na maziwa au bila. Mimi nilitoka chini. Na nikisema chini nina maana chumba cha chini kabisa cha mahakama, ambako waliokamatwa huletwa na gari la polisi kila asubuhi kungoja kuombewa dhamana. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa wakili wa zamu. Wakili wa zamu analipwa na msaada wa sheria kumsimamia yeyote ambaye siku hiyo hana wakili wake, awe mwizi wa baiskeli au profesa aliyempiga jirani. Mpaka leo naikumbuka harufu ya pale: dawa ya sakafu, makoti yaliyolowa theluji, na mikate ya jibini waliyogawiwa asubuhi, ambayo hakuna aliyeila mpaka njaa imshinde. Na kusema kweli, naitamani.

Huko ndiko Kiswahili changu kilikofanya kazi kuliko mahali pengine popote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, Mhindi wa pale pale. Asubuhi moja niliingia nikakuta vijana wawili wa Kikenya upande wa pili wa kioo kinachotenganisha wakili na mahabusu. Mmoja akanitazama juu mpaka chini, akamgeukia mwenzake.

"Buda, wametuletea Muhindi. Huyu atatuuza mapema."

"Muhindi mwenyewe ni wa Tanga," nikamjibu, "na leo bado sijauza mtu. Nani anaanza?"

Yule kijana alijificha uso ndani ya fulana yake. Mwenzake ndiye aliyesema, "Haki pole, mathe," na tangu siku hiyo nikawa Mathe, yaani mama, kwa kila kijana wa Afrika Mashariki aliyepitia pale. Miaka mingi baadaye niliitwa Mheshimiwa na watu waliovaa vizuri sana, lakini hakuna cheo nilichokipenda kama hicho.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja mzaliwa wa Jamaika, nimwite Desmond. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo, na alikuwa wakili wa zamu tangu mimi sijaingia chuo cha sheria. Hakutaka kuwa kitu kingine. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikimhoji mtu kupitia kioo, kalamu mkononi, jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Tulipotoka akaniambia, "Huyu tangu jana kila mtu amemuuliza jina lake. Wewe mwambie lako kwanza." Nikafanya hivyo kesho yake, na mtu wa kwanza niliyemtajia jina langu akaanza kulia. Nilidhani nimemkosea. Desmond akacheka hadi akavua miwani.

La pili alilonifundisha ndilo lililonisaidia zaidi kwa watu wetu. Unapomweleza mtu masharti ya dhamana, usimuulize kama ameelewa. Sisi ukituuliza kama tumeelewa, tunasema ndiyo. Tunasema kwa heshima, kwa sababu kumwambia mtu mzima aliyevaa suti kwamba maneno yake hayajaeleweka ni kumwaibisha. Mimi mwenyewe nililijua hilo tangu utoto na bado nililisahau nikiwa kazini. Mzee mmoja wa Bujumbura alikatazwa kukanyaga nyumba ya shemeji yake waliyegombana naye. Nikamuuliza, umeelewa mzee? Ndiyo. Hutakwenda pale? Ndiyo. Akatoka mahakamani, akapanda basi moja kwa moja hadi kwa shemeji, akabisha hodi, akamweleza kwa adabu zote kwamba kuanzia leo hataweza kufika pale kwa sababu amekatazwa na jaji. Aliona vibaya kupotea bila kuaga. Alikamatwa akiwa anakunywa chai.

"Muulize kesho asubuhi akiamka atafanya nini," Desmond akaniambia. "Halafu kesho kutwa. Akikueleza mwenyewe, utasikia pale ambapo hakuelewa." Nimelitumia hilo miaka yangu yote, hata kwa mafundi waliokuja kurekebisha paa langu.

Sasa niwaletee Mama Baraka, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Mama Baraka alikuwa mjane wa Kigoma, anakaa mtaa wa Lawrence Heights na mwanawe Baraka na mabinti wawili wadogo. Alifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, akibadilisha mabasi kwenda na kurudi. Alikuwa na kibali cha kuishi lakini uraia bado. Baraka alikuwa akicheza mpira Jumapili na vijana wenzake wa Afrika Mashariki, na Jumapili moja waligombana na kijana wa Kikenya jina lake Otieno juu ya goli lililokataliwa. Baraka akampiga ngumi moja. Taya la Otieno likavunjika, madaktari wakalifunga kwa waya, akawa hawezi kutafuna kitu.

Baraka alipewa dhamana na mama yake akawa mdhamini. Sharti lilikuwa kwamba Baraka asiwasiliane na Otieno wala familia yake, yeye mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine, na mdhamini ahakikishe hivyo. Siku hiyo zamu haikuwa yangu. Wakili aliyekuwepo alikuwa na foleni ndefu, mkalimani alikuwa na mahakama nyingine inamsubiri, na Mama Baraka aliulizwa kama ameelewa. Mnajua alichojibu.

Alivyoelewa yeye ni kwamba mwanawe asimsogelee Otieno. Hilo aliliona sawa kabisa. Lakini mtoto wako akimvunja taya mtoto wa mwenzako, wewe mzazi unakaaje nyumbani? Kwetu angekwenda mzee wa familia. Hapa mzee wa familia alikuwa yeye. Basi siku yake ya mapumziko akaamka, akapika uji wa ulezi, akautia maziwa na siagi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akapanda basi na tramu mpaka Parkdale, kwa mama yake Otieno. Walikuwa hawajaonana kabla. Akamwambia amekuja kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Mama Otieno alikuwa mlangoni na khanga ya kazi kiunoni. Wakalia wote wawili. Otieno akanywa ule uji kwa mrija.

Na mambo yangeishia hapo kama Mama Otieno asingekuwa mwanamke mwenye moyo mzuri. Asubuhi yake akachukua simu, akampigia askari aliyekuwa akishughulikia kesi, akamwambia kwa furaha: mama ya yule kijana amekuja kwangu, tumeongea kama wazazi, tumemaliza, sasa fungeni hiyo faili. Askari akamuuliza kama yule mama alileta kitu. "Ndiyo," akasema Mama Otieno. "Uji. Na mtamu sana."

Walimkamata Mama Baraka kazini, mbele ya wenzake, akiwa amevaa fulana ya kung'aa ya ghalani. Shtaka lilikuwa kujaribu kuzuia haki isitendeke kwa kumshawishi shahidi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahama zamu, niko ofisi ya utetezi naendesha kesi zenyewe mpaka mwisho, na faili lake likaletwa mezani kwangu kwa sababu ya lugha. Nilishuka kumwona. Nikamtajia jina langu, nikamuuliza kwa nini alikwenda.

"Ningelala vipi, dada?" akaniambia. "Mtoto wa mwenzangu hali kitu."

Niliona mapema kilichokuwa kinamkabili, na nyinyi mnaosoma sheria ya uhamiaji mtakiona. Kosa lile ni kubwa kwenye vitabu. Mtu ambaye bado si raia akitiwa hatiani nalo, hata akipewa adhabu ya kushika kalamu na kuandika samahani, mlango wa kumrudisha kwao unafunguka. Na wale mabinti walikuwa wamezaliwa hapa, wanasoma hapa, Kigoma wanaijua kwa picha. Nilipomweleza hayo aliuliza kama angeweza kuwaacha kwa mtu. Nikajifanya natafuta kalamu.

Dhamana yake mwenyewe ilikuwa na sharti jipya: asiwasiliane na Mama Otieno kwa namna yoyote. Safari hii nilimuuliza kesho asubuhi atafanya nini, na kesho kutwa, na akimkuta sokoni atafanya nini, mpaka akachoka na mimi.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote kwenye kesi ile halikutokea ndani ya chumba cha mahakama. Lilikuwa nje, kwenye ukumbi wa kungojea. Mama Otieno, ambaye alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, alikaa kwenye benchi la mwisho huku. Mama Baraka alikaa benchi la mwisho kule. Mama Otieno akainua mkono kumsalimu. Mama Baraka akageuza uso akatazama ukuta, kwa kuogopa kwamba kuitikia salamu ni kosa la jinai, na kusema kweli sikuwa na hakika kwamba si kosa. Mama Otieno akaushusha mkono wake polepole. Nilikasirika siku ile, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndani, mwendesha mashtaka alimuuliza Mama Otieno kuhusu ziara, uji na machozi, akakaa chini ameridhika. Nikasimama. Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, jaji ameshafunika kalamu yake.

"Mama Otieno, nani aliwaza kuwapigia polisi?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Mama Baraka alikuomba uwapigie?"

"Aniombe? Huyo hata hakukaa. Alilia, nikalia, akaacha uji akaenda. Mimi ndio niliona, si wazazi wameongea? Kesi inaendelea ya nini?"

Mkalimani akatafsiri, jaji akaitikia kwa kichwa kwa upole, hakuandika kitu. Tukaenda kula.

Yule jaji hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria vibaya. Alikuwa msikivu na alimwita Mama Baraka "madam". Lakini kwenye hukumu alisema hivi: mdhamini anajua sharti, anakwenda kwa mlalamikaji wiki ile ile, anabeba zawadi, na matokeo yake mama wa mlalamikaji anataka kesi ifutwe, nia gani nyingine ingekuwepo? Akamtia hatiani. Halafu, kwa kuwa alimwonea huruma, hakumfunga. Alimpa kipindi cha uangalizi tu, na sharti lile lile la kutowasiliana na Mama Otieno.

Watu wakanipongeza. Mwendesha mashtaka alinishika mkono, akaniambia nimefanya kazi nzuri. Na Mama Baraka naye alikuwa anatabasamu kwenye ukumbi, ameshika mkoba wake, ananiambia, "Si wamenisamehe, dada?" Ikabidi nimkalishe chini nimweleze kwamba adhabu ni nyepesi lakini hatia imebaki, na kwamba hatia ndiyo watu wa uhamiaji wanayoiangalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema lazima akawahi basi la Malton, zamu yake inaanza. Nilimtazama akiondoka na nikaapa moyoni kwamba sitaliacha faili lile hata nikifukuzwa kazi.

Rufaa yenyewe naileta. Lakini kwanza niwaonyeshe jinsi rufaa inavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza, nilikokuja kukaa mimi baadaye, ndipo mtaelewa kwa nini Desmond alinitendea alivyonitendea.

Uteuzi ulinijia miaka kadhaa baada ya Mama Baraka. Kwanza nilikuwa jaji wa kusikiliza kesi, halafu nikapandishwa rufaa. Desmond ndiye aliyenisukuma kuomba. "Kule juu hakuna hata mmoja aliyewahi kunusa pale chini," alisema. Siku yangu ya kwanza ya ujaji nilivaa joho, nikasimama nyuma ya mlango na karani wangu, na karani akaita watu wasimame. Mimi nikasimama wima, mikono mbele, nikingoja jaji aingie. Karani akanisubiri. Nikamsubiri. Mwishowe akaninong'oneza kwa huruma, "Ni wewe, Mheshimiwa." Nikaingia, na miguu ikanipeleka moja kwa moja upande wa meza ya utetezi kabla sijajizuia. Mawakili waliinamisha vichwa kuficha vicheko, na mmoja wao hakufanikiwa.

Kwenye rufaa mnakaa watatu. Hakuna shahidi anayekuja mbele yenu, hakuna anayelia, hakuna mkalimani. Kinachokuja ni maandishi ya kila neno lililosemwa kule chini. Nilipoanza yalikuwa yanaletwa kwa toroli, majalada mpaka kiunoni. Nilipostaafu yote yalikuwa ndani ya kompyuta bapa, na jaji mwenzangu mmoja aliyenizidi umri alikuwa bado analamba kidole kabla ya kufunua ukurasa kwenye kioo. Nilisoma maelfu ya kurasa hizo na mara nyingi niliweka mkono masikioni nikijaribu kusikia sauti ya mtu aliyesema maneno yale. Karani wangu alidhani nina tatizo la masikio, akaniletea namba ya daktari.

Na nilichojifunza pale, wanangu, nakisema mara moja, msikisahau. Jaji wa rufaa hawezi kujibu swali ambalo wakili wa chini hakuliuliza. Ni mara ngapi nimesoma kesi nikaona kabisa pale ambapo swali moja lingemwokoa mtu, na wakili hakusimama, labda kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imekaribia na jaji ameshafunika kalamu. Ukiwa kule chini unazungumza na jaji aliye mbele yako, lakini pia unazungumza na watu watatu usiowaona, watakaokusoma mwakani. Waulizie na wao.

Lipo jambo jingine la ujaji ambalo hamniulizi kwenye harusi. Siku nilipoapishwa, simu yangu ilinyamaza. Zamani ilikuwa inalia wakati wa chakula, wakati wa sala, mtu wa Malton mwanawe kakamatwa, mama wa Parkdale kapokea wito. Nilikuwa nalalamika kwa mume wangu kwamba sina raha. Jaji hapigiwi simu hivyo. Watu wanakuheshimu na kukukalia mbali, na ni haki wafanye hivyo. Lakini miezi ya kwanza nilikuwa nikiinua ile simu kuangalia kama imeharibika.

Haya, Mama Baraka.

Niliandika sababu zangu za rufaa kwa hasira. Zilikuwa nyingi: tafsiri ilikuwa ya haraka, masharti hayakuelezwa, jaji hakutaka kusikia habari za mila, jaji alisema hivi, jaji hakusema vile. Nilizipeleka kwa Desmond nikitegemea kusifiwa. Alisoma akiwa amevua viatu chini ya meza, kawaida yake. Kisha akachukua kalamu akaanza kufuta. Alifuta mpaka nikaona machozi yananilengalenga.

"Zote ni kweli," akasema. "Lakini ukiwapa zote, watachagua iliyo dhaifu na kukupiga nayo. Hii hapa hawawezi kuikwepa."

Aliyoibakiza ilikuwa ile ya simu. Jaji alisema Mama Otieno alitaka kesi ifutwe kama matokeo ya ziara, akachukulia kwamba ndilo lengo la ziara. Jibu la Mama Otieno, kwamba wazo lilikuwa lake na hakuombwa na mtu, halikutajwa mahali popote kwenye hukumu. Kosa lile haliwezi kuwepo bila nia, na ushahidi pekee juu ya nia ulikuwa unamsafisha.

Siku ya kusikilizwa, Mama Baraka aliomba ruhusa kazini akaja, akakaa nyuma kabisa pamoja na Desmond, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale siku ile. Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye chumba kile. Majaji watatu, meza ndefu, kimya. Aliyekaa katikati alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe, na kulia kwake alikuwa mzee aliyeonekana amelala. Nilieleza hoja yangu moja. Nilipokuwa naelekea kukaa, yule mzee akafumbua macho.

"Wakili," akasema, "nakubali hakuomba kitu kwa mdomo. Lakini kama alitaka kuomba radhi tu, kwa nini alibeba chakula? Maua yasingetosha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo. Niligeuka nikamtazama Mama Baraka, na yeye hakuelewa kinachosemwa, akanitikisia kichwa kunitia moyo. Nikamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, kijana alikuwa amefungwa taya kwa waya. Mama huyu alipika uji kwa sababu uji hautafunwi."

Mwanamke wa katikati aliweka kalamu chini. Mzee akatazama kule nyuma ya chumba, kwa Mama Baraka. Hakuuliza tena. Mwendesha mashtaka aliposimama, sauti yake ilikuwa imepungua.

Hukumu haikutolewa siku ile. Wiki zikapita, na kila wiki Mama Baraka alikuwa ananipigia kuniuliza kama nimesikia kitu, kisha ananiuliza hali ya miguu yangu, maana niliwahi kumwambia inauma. Barua ya uhamiaji ilikuwa imeshamfikia, ya kumwita kwenye mahojiano. Alikuwa ameanza kuwafundisha wale mabinti kufua nguo kwa mikono, ili wakienda Kigoma wasiaibike. Aliponiambia hilo nilifunga mlango wa ofisi nikalia.

Asubuhi faksi ilipotoa ile hukumu niliisoma nimesimama. Nilirukia ukurasa wa mwisho kwanza, kama nyote mtakavyofanya siku yenu ikifika. Rufaa imekubaliwa. Hatia imefutwa. Ameachiwa huru.

Nilimpigia ghalani. Wakaenda kumwita, na nikasikia mlio wa magari ya kubebea mizigo yakirudi nyuma, na watu wakipiga kelele juu ya makasha. Akashika simu anahema.

"Mama Baraka, tumeshinda. Hatia imefutwa. Haipo. Watu wa uhamiaji hawana tena la kukushika nalo."

Nikangoja kilio, nikiwa na changu tayari.

"Na lile sharti?" akauliza.

"Sharti gani?"

"La kutozungumza na Mama Otieno."

"Nalo limekwisha, na lile la Baraka lilishakwisha pamoja na kesi yake. Unaweza kuzungumza naye hata sasa hivi."

"Basi kata simu, dada," akasema. "Mapumziko yanaisha na mimi sijampigia."

Nikakata.